Maswali ya Wasomaji: Nitamjuaje Kocha Mzuri wa Watoto?

Katika toleo lililopita niliwaomba wazazi waende kutazama mazoezi ya watoto wao, si mechi tu. Barua zilizorudi zimenifurahisha na nyingine zimeniumiza. Nimechagua saba. Majina nimeyaacha, mahali nimepataja. Kwa wasionijua, mimi nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule ya msingi hapa Morogoro, na sasa nafundisha watoto mpira jioni, Kihonda.

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu ana miaka tisa, anachezea timu ya mtaani kwetu. Kocha wao anasifiwa sana, kabati lake limejaa makombe. Lakini mwanangu anakaa benchi mechi nzima, na kocha anafoka hadi anasikika barabarani. Baba yake anasema ndiyo mpira wenyewe, mtoto akomae. Nitajuaje kama kocha huyu ni mzuri? (Mama, Mbagala)

Marahaba mama. Makombe ya watoto wa miaka tisa tuyaweke kando kwanza, kwa sababu njia ya kuyapata ni rahisi mno. Unachukua watoto wenye miili mikubwa, mwenye mbio unamweka mbele, beki unamwambia abutue. Katika umri huo hakuna beki wa kumdhibiti mwenye mbio, kwa hiyo mtashinda. Wakifika miaka 13 wenzao wamewafikia kwa kimo, na hapo ndipo unapogundua kwamba mabingwa wale hawajui kugeuka na mpira wala kupokea pasi huku wamebanwa. Nimewaona wengi, na inauma, maana mtoto anadhani yeye ndiye aliyeharibika.

Nikuulize: mwanao kazaliwa mwezi gani? Timu zetu zinahesabu umri kwa mwaka wa kuzaliwa. Wa Januari na wa Desemba wanaandikwa umri mmoja, kumbe wamepishana karibu miezi 12, na kwa mtoto wa miaka tisa hiyo ni zaidi ya sehemu ya kumi ya maisha yake yote. Nenda benchi lolote la watoto uulize miezi yao ya kuzaliwa. Wa Oktoba, Novemba na Desemba utawakuta wengi. Kocha anayejua kazi yake analiangalia hilo kabla hajasema huyu ana kipaji na huyu hana.

Sasa nenda mazoezini, ukae mbali kidogo ili mwanao asicheze kwa kukutazama wewe. Kwa dakika kumi usimtazame mtu mwingine, mtazame yeye tu, na uhesabu anagusa mpira mara ngapi. Kisha mtazame mtoto dhaifu kuliko wote uwanjani, kila timu anaye. Je, kocha anamwita kwa jina lake? Akipoteza mpira anaambiwa nini? Anapewa nafasi ya kujaribu tena, au wenzake wamekwisha kuelewa kwamba yule hapasiwi? Mimi kocha wa watoto namsoma kwa mtoto yule, maana mwenye kipaji hata ukimwacha peke yake atacheza.

Kuhusu kufoka, sauti kubwa si kosa. Uwanja wa wazi una upepo na bodaboda, lazima upaze sauti. Sikiliza maneno. Kocha anayesema "Pasi kushoto! Piga! Rudi!" kila sekunde anacheza yeye, mtoto hachezi. Siku asipokuwepo, mtoto huyo hatajua la kufanya. Na kocha anayemwita mtoto mzigo au mbumbumbu, au anayewarusha kichura kwa sababu wamefungwa, huyo asiwe na watoto hata kama ana kombe la mkoa.

Kuna swali moja ambalo nataka ukamuulize. Usiende siku ya mechi, wala usiende kwa hasira. Mkute baada ya mazoezi, msalimie, umwambie: "Mwalimu, mwanangu afanyie kazi jambo gani nyumbani?" Kocha anayemjua mwanao atakujibu kitu cha mwanao peke yake: mguu wa kushoto bado mzito, akipokea mpira anaangalia chini, anaogopa kukabana. Akikujibu "aongeze bidii", basi hajamtazama. Hapo mtafutie timu nyingine.

Na baba yake mwambie hivi kwa heshima: mtoto hukomaa kwa kucheza. Kukaa benchi kunamfundisha kukaa benchi. Katika umri wa miaka tisa kila aliyekuja na viatu vyake acheze angalau nusu ya mechi, hata kama ni fainali. Najua baadhi ya makocha wenzangu watanichukia kwa kusema fainali. Nimesema fainali.

Shikamoo. Nina miaka 24, nimejitolea kufundisha watoto hapa Geita. Ninao 40, wa miaka saba hadi 14, na mipira miwili. Uwanja ni wa kokoto. Nataka kufanya vizuri lakini sijui nianzie wapi. (Kijana, Geita)

Marahaba mwanangu, na Mungu akubariki kwa kujitolea. Barua yako naijibu kwa urefu kwa sababu watoto 40 na mipira miwili ndiyo hali ya viwanja vingi nchini.

Anza kwa kufuta foleni. Ninajua unachofanya kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa: watoto wamepanga mstari mbele ya goli, wa kwanza anapasia, anarudishiwa, anapiga, anakwenda nyuma. Piga hesabu. Kila mmoja akitumia sekunde 15, watoto 40 wanamaliza mzunguko mmoja kwa dakika 10. Mtoto kagusa mpira mara mbili, kisha amesimama dakika kumi akimchokoza mwenzake. Kwa saa nzima amepiga mashuti sita. Angebaki nyuma ya nyumba yao kwenye chandimu angegusa mpira mara mia na ushee. Kama mazoezi yako yanashindwa na chandimu, usimlaumu mtoto asipokuja.

Watenganishe kwa umri. Wa saba hadi kumi wawe na siku zao, wa 11 hadi 14 siku zao. Mtoto wa saba akikabana na wa 14 ama ataumia, ama atajifunza kuukimbia mpira, na woga huo haumtoki upesi.

Mipira sasa. Kila mtoto aje na mpira aliousokota mwenyewe. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, watoto wa kwetu wanatumia soksi kuukuu, matambara na kamba ya katani, na wanaitengeneza vizuri sana. Mpira wa matambara haudundi, kwa hiyo usifundishie kutuliza mipira ya juu. Lakini kukokota, kugeuka, chenga, tobo, pasi fupi, vyote vinawezekana. Tena kwenye kokoto zako, ambako mpira wa kununua unaruka ovyo, wa matambara unabaki mguuni na mtoto anathubutu. Dakika kumi za mwanzo kila mtoto awe na wake, eneo moja dogo, wote wanatembea na mipira bila kugongana. Wewe unainua vidole, wao wanataja idadi kwa sauti. Hapo unawafundisha kuinua kichwa, na hujasema neno "inua kichwa" hata mara moja.

Ukifanikiwa kupata wa kununua, kwa watoto wa chini ya miaka 12 omba namba 4. Mzingo wake ni kama sentimita 64 hadi 66, wakati namba 5 wa wakubwa ni 68 hadi 70. Tofauti hiyo ni ndogo kwako, kwa mguu wa mtoto wa miaka tisa ni kubwa. Wafadhili wanapenda kuleta namba 5 kwa sababu ndio wanaouona kwenye televisheni. Waambie mapema.

Kisha gawa uwanja. Pima kwa hatua zako, urefu 25, upana 15, upate viwanja vidogo vinne. Magoli ni matofali au ndala, hatua mbili kati yake, bila kipa. Ikitokea siku mkawa wote 40, kila uwanja una watoto 10 wa umri unaokaribiana, watano kwa watano. Mipira yako miwili ikae kwenye viwanja viwili, vingine viwili vitumie ya matambara. Dakika nane, kisha timu zinahama, ili kila mtoto apate zamu ya mpira wa kununua. Timu uzipange wewe. Usiwaachie manahodha wawili wachague mmoja mmoja, maana anayebaki wa mwisho kila siku ni yule yule na kila siku anajua. Vizibao huna, funga vitambaa mkononi. Refa humhitaji. Watoto kwenye chandimu wanaamua wenyewe nani kashika na nani kafunga, waache waendelee kuamua. Wewe zunguka, tazama, mvute mmoja pembeni, mwambie jambo moja, mrudishe.

Usidhani hizi ni mbinu za maskini. Ujerumani, iliyochukua Kombe la Dunia mara nne, tangu msimu wa 2024/25 imeweka utaratibu wa nchi nzima watoto wake wadogo wacheze timu ndogo ndogo kwenye viwanja vidogo, na kwa wadogo zaidi hakuna msimamo wa ligi. Wana nyasi na mipira ya kutosha, na bado wamerudi kwenye watatu kwa watatu. Wamefanya hivyo kwa sababu ile ile ninayokuambia: mtoto aguse mpira.

Fundisha jambo moja kwa wiki. Wiki hii kugeuka kwa unyayo, wiki ijayo kupokea kwa mguu wa mbali na adui. Usiwafundishe kupiga vichwa. Marekani ilizuia vichwa kwa watoto wa chini ya miaka 11 mwaka 2015, na Uingereza mwaka 2020 ikatoa mwongozo wa kuviondoa kwenye mazoezi ya watoto wa umri wa shule ya msingi, kwa hofu ya ubongo. Hapa hakuna anayekuzuia, jizuie mwenyewe.

Anza saa kumi na nusu jioni, jua likiwa limelegea. Maji kwenye ndoo yenye mfuniko, kila mtoto na kikombe chake. Kokoto kubwa muziokote pamoja kabla ya kuanza, wewe ukiwa wa kwanza kuinama.

La mwisho ni la Geita hasa. Weka daftari la mahudhurio. Mtoto akikosa siku tatu mfululizo, nenda kwao ukaulizie. Kwenu kuna machimbo, na mtoto anayeacha mpira pengine ameacha na shule. Mara nyingi kocha ndiye mtu mzima wa kwanza kugundua, kwa sababu darasani wako wengi na kwako ana nafasi yake uwanjani inayoonekana iko wazi. Ukigundua, mwone mwalimu wake na mwenyekiti wa mtaa.

Mwalimu, ligi yetu ya chini ya miaka 15 imejaa vijeba. Timu pinzani ina mtu anayenyoa ndevu. Tumefungwa 6-0. Wazazi wananiambia na mimi nitafute vyeti. Nifanyeje? (Kocha, Tabora)

Usitafute. Nakuelewa kabisa, sita bila si mchezo, na kuwatazama watoto wako wakilia baada ya kukanyagwa na mtu mzima ni jambo la kukasirisha. Lakini fikiria ni nani anayeumia zaidi. Kijeba anachukua nafasi ya mtoto halali, na yeye mwenyewe anajifunza kushinda kwa mwili. Siku atakapokutana na wa rika lake hana kitu.

Nchi hii imeshalipa kwa jambo hili. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 17, walifuzu fainali za Afrika za vijana za mwaka 2005, wakaenguliwa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Kikosi kizima cha watoto kilikosa safari kwa cheti kimoja. Miaka 12 baadaye gurudumu likageuka: Kongo Brazzaville walitutoa kwenye mechi za kufuzu kwa goli la ugenini, kisha wakaenguliwa wao kwa kushindwa kumleta mchezaji wao apimwe umri, na vijana wetu wakaenda Gabon 2017. Huko waliwabana Mali suluhu na kuwafunga Angola 2-1.

Kipimo chenyewe ni picha ya MRI ya kifundo cha mkono. Mfupa wa mtoto una sehemu laini karibu na ncha, ambako ndiko unakokulia. Sehemu hiyo ikiwa imeshafunga kabisa, karibu hakika mtu huyo amepita miaka 17. FIFA walianza kuitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana Nigeria mwaka 2009. Kwa hiyo cheti cha kughushi kinaweza kumfikisha kijana mkoani, hata taifani, halafu mfupa ukamsuta mbele ya watu.

Cha kufanya: andika malalamiko kwa maandishi kwa chama cha soka cha wilaya kabla ya mechi, si baada ya kufungwa. Omba orodha iambatane na rekodi za shule, mwaka aliosajiliwa darasa la kwanza, ambazo ni ngumu kuzichezea kuliko cheti. Ungana na makocha wengine wawili watatu wenye kilio hicho. Wakikataa, ondoa timu kwenye ligi hiyo na mwanzishe bonanza lenu la watoto halali. Na watoto wako uwaambie ukweli kwamba wamecheza na watu wazima. Usiwaache walale wakidhani wao ni wabovu.

Shikamoo dada. Binti yangu wa miaka 12 anataka kucheza mpira, na anaujua kweli. Kocha ni mwanaume, timu ina wasichana sita tu. Ndugu zangu wananicheka, mimi mwenyewe nina wasiwasi na usalama wake. (Mama, Tanga)

Marahaba mdogo wangu. Ndugu waache. Serengeti Girls walikwenda Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022, wakaifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali. Aisha Masaka ametoka kwenye viwanja vya nchi hii hii hadi Sweden, na mwaka 2024 akasajiliwa na Brighton ya Uingereza. Wote waliwahi kuwa mabinti wa miaka 12 wenye mama mwenye wasiwasi.

Wasiwasi wako juu ya usalama, huo usiuache. Ni haki yako, na kocha mwema hataudhika nao. Mwanaume anaweza kuwa kocha mzuri sana wa wasichana, wapo na ninawaheshimu. Lakini mkaribishe kwenye masharti haya na umtazame anavyoyapokea. Asibaki peke yake na mtoto, si uwanjani, si kwenye gari, si nyumbani kwake. Ujumbe wa simu uende kwa mzazi au kwenye kundi la wazazi, usiende kwa binti faragha. Safari ya kulala nje iwe na mwanamke mtu mzima, na wewe ujue mahali pa kulala kabla hawajaondoka. Kubadili nguo kuwe na mahali pa faragha. Zawadi za siri, hasa viatu na simu, hapana. Kama anakuambia "humwamini mwalimu?", jibu lako ni kwamba utaratibu ni kwa walimu wote.

Umwambie binti yako pia, kwa maneno yaliyo wazi, kwamba nafasi kwenye timu hailipiwi kwa kitu chochote. Likitokea jambo, namba 116 ya kusaidia watoto inapigwa bure, na dawati la jinsia na watoto lipo polisi.

Kuna jambo ambalo makocha wengi hawalifikirii. Karibu atavunja ungo, au ameshavunja. Kocha mzuri wa mabinti ana mtu wa kike pembeni mwenye pedi kwenye begi la huduma ya kwanza, na hamuulizi mtoto maswali mbele za watu akisema leo sichezi. Pengine mtu huyo wa kike anaweza kuwa wewe. Wasichana sita wanahitaji mama mmoja anayekaa pembeni na chupa za maji, na timu ikipata mama mmoja, wa saba na wa nane huja wenyewe.

Wakala ameniona na mwanangu wa miaka 15. Anasema ana timu Ulaya, anataka milioni tatu za viza na majaribio. Niuze kiwanja? (Baba, Arusha)

Usiuze kiwanja, baba.

Kanuni za FIFA zinazuia mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhama nchi kwa ajili ya mpira. Zipo nafuu chache, kama mzazi kuhamia huko kwa sababu zisizohusu mpira, au kijana wa miaka 16 na kuendelea ndani ya Umoja wa Ulaya. Mtoto wa Arusha wa miaka 15 hayumo. Pia wakala wa kweli ana leseni ya FIFA inayoweza kukaguliwa mtandaoni, na haruhusiwi hata kumfuata mtoto mapema bila idhini ya mzazi kwa maandishi. Na klabu inayomtaka mchezaji inalipa yenyewe. Wazazi wameuza ng'ombe na viwanja, mtoto akatelekezwa kwenye nyumba ya wageni katika nchi asiyoijua lugha.

Mtazame Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala. Alipita African Lyon, Simba, kisha TP Mazembe kule Lubumbashi, na Ulaya akaingia Januari 2016 akiwa na miaka 23. Alikuwa ametoka kutajwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Aston Villa walimchukua miaka minne baadaye. Mwanao ana muda.

Mwambie kocha wake atunze kumbukumbu vizuri: klabu gani, msimu gani. FIFA imeweka asilimia 5 ya ada ya uhamisho igawiwe klabu zilizomlea mchezaji tangu msimu wa miaka 12 hadi 23. Timu ndogo nyingi zinakosa fedha hiyo kwa sababu hakuna aliyemsajili mtoto rasmi. Kocha mzuri wa watoto ana kalamu. Huyo wakala mwambie aje na leseni yake, muikague pamoja ofisi ya chama cha soka cha mkoa. Sidhani kama atakuja.

Mwanangu wa miaka 12 analalamika goti, chini ya kifuniko pameota kinundu na panauma akiruka. Kocha anasema ajikaze. (Mzazi, Dodoma)

Asijikaze. Kwa watoto wa miaka kumi hadi 15 wanaorefuka haraka, mfupa huwahi kuliko misuli, na mshipa wa paja ukawa unavuta mfupa laini chini ya goti kila anapokimbia na kuruka. Mara nyingi ni hicho, na hupoa kimo kikitulia. Apunguze kuruka na mbio kali kwa wiki kadhaa, abandikwe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa baada ya kucheza, anyooshe misuli ya paja taratibu. Mpelekeni hospitali ili ithibitishwe, na msichelewe kama anachechemea, ana homa, goti limevimba lote, au maumivu yanamwamsha usiku.

Makocha mnaosoma hapa: kabla ya kumpokea mtoto yeyote, muulizeni mzazi kuhusu pumu, kifafa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Selimundu ni nyingi nchini kwetu. Mtoto mwenye ugonjwa huo akikimbizwa juani bila maji anaweza kupata maumivu makali ya mifupa na kulazwa, na mnayemwita mvivu huenda ni mgonjwa. Wengi wao wanaweza kucheza kwa kiasi ambacho daktari atakisema, wakinywa maji mara kwa mara na kupumzika wanapohitaji.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, muuza samaki, sijawahi kucheza timu yoyote. Watoto wa mtaani wananiomba niwe kocha kwa sababu ndiye ninayewatunzia mpira. Inawezekana? (Msomaji, Mombasa)

Inawezekana, dada yangu, na watoto wameshakuchagua. Arrigo Sacchi, kocha Mwitaliano, hakuwahi kucheza soka la kulipwa, alikuwa muuza viatu, na akaipa AC Milan vikombe viwili mfululizo vya Ulaya, 1989 na 1990. Kwa watoto wa mtaani unahitaji vitu vichache zaidi ya alivyohitaji yeye.

Utakapoanza, uliza tawi la chama cha soka la kaunti yako kuhusu kozi za awali. Leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka la Afrika, zinaanza na D, kisha C, B na A. Ya D ndiyo ya kuanzia. Kabla ya hiyo tafuta mafunzo ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu, maana kichwa kitapasuka kabla hujahitaji kujua mfumo wa 4-3-3. Katika barua ya kijana wa Geita hapo juu umo mpangilio wa siku nzima ya mazoezi, uchukue kama ulivyo. Kwa kuwa asubuhi uko sokoni, panga siku mbili tu kwa wiki ambazo hutazikosa. Watoto wanavumilia kocha asiyejua mengi, hawamvumilii asiyetokea. Ukimaliza mwezi wa kwanza niandikie uniambie wako wangapi, na kama kuna wasichana, niwatafutie mipira namba 4.